PIKIPIKI ZA KAZI NA WAFANYI KAZI WAFUPI



Katika mashauri yote ya vyombo vya kazi yanayoletwa kwa chama chetu, moja limezidi mengine, nalo ni shauri la pikipiki ndefu. Wanaolileta ni watu wa ukulima na mifugo wanaozunguka vijijini, wasomaji wa mita, matarishi, na wahudumu wa afya wanaopeleka dawa mahali gari lisipofika. Wengi wao ni dada zetu, lakini si wote. Wamo na wanaume, na hao huja wakinong'ona, maana mwanamume haoni raha kusema mbele ya wenzake kwamba akikaa juu ya pikipiki miguu yake haifiki chini.

Twapenda kila mtu ajue msimamo wetu juu ya jambo hili. Mtu mfupi hana kosa lo lote kwa kuwa mfupi, wala mwepesi kwa kuwa mwepesi. Ukimpa mtu viatu namba 10 naye avaa namba 5, kisha akajikwaa, hutamwandikia barua ya onyo. Lakini kwa pikipiki, barua za onyo zaandikwa.

Katika kituo kimoja, ambacho hatukitaji kwa kuwa shauri bado lazungumzwa, mwanachama wetu wa futi 5 na inchi 1, uzito wake kilo 48, alipewa pikipiki ile ya njia mbaya, yenye kiti cha juu na madigadi yaliyoinuka. Aliiendesha miezi mitatu bila taabu, maana pikipiki ikiwa katika mwendo haiulizi urefu wa miguu. Taabu ilikuja aliposimama. Mbuzi walikuwa wakivuka njia penye mteremko. Akashika breki, akashusha mguu wa upande wa bondeni kutafuta ardhi, asiipate. Pikipiki ikalala, naye pamoja nayo. Mkono wa klachi ulivunjika, na taa moja ya pembeni, na goti la dada yetu likavimba wiki mbili. Ofisi yake ikaandika kwamba ni uzembe, ikakata fedha ya vifaa hivyo katika mshahara.

Hebu tufanye hesabu, maana katika jambo hili hesabu yasema vizuri kuliko hasira. Mtu wa futi 5 na inchi 1 ana urefu wa sentimita 155 hivi. Mguu wake kwa ndani, toka kisigino mpaka panapogawanyika mapaja, huwa kama sentimita 70. Pikipiki za njia mbaya ambazo ofisi nyingi hununua, kama Honda XR150L au Yamaha XTZ125, zina kiti kilicho juu ya ardhi kwa sentimita 83 au 84 hivi. Mpe mtu huyo viatu vyenye soli ya sentimita 3, na useme kwamba springi zinabonyea sentimita 2 anapokaa. Bado zabaki sentimita 8 au zaidi, na hapo hatujahesabu upana wa kiti unaotanua mapaja na kuila miguu. Kwa hiyo agusa chini kwa ncha za vidole tu. Penye lami iliyo sawa, ncha za vidole zatosha kwa mtu aliyezoea. Lakini penye kokoto, penye utelezi wa udongo mwekundu baada ya mvua, au penye ukingo ulioinama, hazitoshi.

Sasa uzito. Hiyo XR150L ina kilo 128 hivi ikiwa na mafuta. Dada yetu ana kilo 48. Maana yake chombo chamzidi mara mbili na nusu na zaidi. Weka sanduku la baridi la dawa za chanjo juu ya keria, weka na mfuko wa vitabu, na uzito wote huo umekaa juu na nyuma, mahali ambapo ukianza kuinama hakuna wa kuurudisha. Mtu wa kilo 90 aweza kuizuia pikipiki iliyokwisha kuinama kidogo kwa nguvu ya paja na mkono. Mtu wa kilo 48 hana nafasi hiyo. Yeye hutegemea isiinamie kabisa, na ili isiiname hana budi kuweka mguu chini mapema na kwa wayo.

Kuna neno jingine ambalo wanunuzi hawalifikiri. Springi za pikipiki nyingi za kazi hufanywa ziweze kubeba mtu mkubwa pamoja na mzigo. Mtu mzito akikaa, pikipiki yashuka chini yake. Mwepesi akikaa, haishuki sana. Kwa hiyo watu wawili wenye miguu sawa, mmoja kilo 85 na mwingine kilo 50, hawaipati pikipiki ile ile. Yule mwepesi amekaa juu zaidi, na tena njiani springi ngumu zamrusha kama punje katika ungo, na gurudumu la nyuma laruka badala ya kushika barabara. Ndiyo sababu twasema mfupi na mwepesi pamoja, wala hatusemi mfupi peke yake.

Tukiwauliza wakubwa kwa nini walichagua pikipiki ndefu, hutujibu kwamba barabara ni mbaya. Twakubali kwamba barabara ni mbaya, sisi ndio tunaopita humo. Pikipiki iliyoinuka hupita juu ya mawe na kuvuka vijito bila kugonga injini, na kuna vituo, hasa vya kaskazini penye malaga na mawe, ambako hatungeomba nyingine. Lakini watazame nje ya dirisha la ofisi. Mnamo 2008 serikali iliposamehe kodi ya pikipiki zisizozidi cc 250, nchi ilijaa pikipiki za bodaboda, na nyingi katika hizo ni Boxer na TVS zitokazo India, ambazo viti vyake huwa kama sentimita 80 au pungufu, na ni virefu na bapa. Pikipiki hizo hufika kila kijiji ambacho ofisi zetu zasema hakifikiki, nazo zimebeba abiria wawili, gunia la mahindi na kuku miguuni. Dereva wa bodaboda hununua kwa fedha yake mwenyewe, basi hununua kinachomfaa. Anayenunua kwa fedha ya ofisi ameketi Nairobi na karatasi ya zabuni mkononi, na kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Wengine hutuambia kwamba pikipiki fupi si chombo cha kazi, ni kitu cha mjini. Maneno haya si kweli. Mwaka 1958, huko Japani, kampuni ya Honda ilitoa pikipiki ndogo iitwayo Super Cub. Haina tangi katikati ya magoti. Mtu hupitisha mguu kwa mbele na kukaa, hata akiwa amevaa sketi. Haina klachi ya mkono. Gia hubadilishwa kwa mguu tu, na yasemekana wenye kuitengeneza walikuwa wakiwafikiria wapeleka chakula wanaoshika sinia kwa mkono mmoja na kuendesha kwa mwingine. Kufikia mwaka 2017, pikipiki za namna hiyo zilizotoka viwandani zilikuwa zimepita milioni 100. Hakuna chombo kingine cha injini duniani kilichofikia hesabu hiyo, nacho kilianza kwa kumfikiria mtu wa kawaida mwenye mzigo wa kawaida. Hatusemi kila ofisi ikimbie kununua Super Cub. Magurudumu yake ni membamba, na katika matope mazito itazama. Twasema tu kwamba asiseme mtu kuwa kazi na kiti kifupi havipatani.

Basi pikipiki ya mtu mfupi na mwepesi ichaguliwe namna gani? Kwanza pimeni miguu yenu. Simama bila viatu, mgongo ukutani, bana kitabu kigumu kati ya mapaja mpaka juu kabisa kama vile umekalia kiti cha pikipiki, na mwenzako apime toka sakafuni mpaka mgongo wa kitabu. (Mwenzako awe mtu usiyemwonea haya. Katika tawi moja kipimo hiki kilileta kicheko cha asubuhi nzima, na kazi haikuanza mpaka saa nne.) Namba hiyo ndiyo ya kushika mkononi unapotazama karatasi ya pikipiki. Kiti kikizidi mguu kwa sentimita 5 hivi, waweza kuizoea, hasa kama kiti ni chembamba kwa mbele. Kikizidi kwa 10, utakuwa mtu wa ncha za vidole, na kwa kazi ya kusimama mara 40 kwa siku, kama ile ya wasomaji wa mita, hatukushauri uikubali.

Lakini msitosheke na karatasi. Kiti cha sentimita 80 kilicho kipana chaweza kumshinda mtu ambaye kiti chembamba cha sentimita 82 hakimshindi. Hakuna njia ila kukaa. Kaa na viatu vyako vya kazi, si vya kanisani. Wayo mzima wa mguu mmoja ufike chini ukijisogeza kidogo upande mmoja. Hilo latosha, maana mguu wa pili kwa kawaida uko juu ya breki. Wengi hufikiri lazima miguu yote miwili ikanyage sawasawa, wakakataa pikipiki nzuri bure. Kisha fanya jambo ambalo wauzaji hawalipendi: ukiwa umekaa, isukume kinyumenyume hatua tano. Hapo ndipo utajua kama wewe ndiwe mwenye pikipiki au pikipiki ndiyo yenye wewe. Shuka, uisimamishe kwa stendi ya katikati. Jambo hili ni la ufundi zaidi ya nguvu, maana uzito wa mwili ukikanyaga stendi ndio unaoinua. Lakini mwenye kilo 48 ana uzito mdogo wa kukanyagia, na kuna stendi ambazo kwake hazitainuka kamwe. Tazama pia kama vidole vyako vyafikia mkono wa klachi na wa breki bila kuachia usukani. Mikono midogo huchoka upesi katika foleni, na kidole kilichochoka huchelewa kushika breki.

Stata ya umeme msiihesabu kama anasa. Kupiga kiki huku umesimama kwa mguu mmoja juu ya ncha za vidole, pikipiki imezimika mlimani na lori li nyuma yako, ni jambo ambalo lapasa kuonyeshwa kwa kila mkubwa anayetia sahihi zabuni. Na pikipiki za umeme, ambazo zinazidi kuonekana katika miji yetu, zina heri moja kubwa kwa mtu wa namna hii, kwamba hazina klachi wala gia, hata kuondoka mlimani ni kazi nyepesi. Ila zile za kubadilisha betri, ulizeni kwanza uzito wa betri hiyo, na nani atakayeinyanyua kila siku.

Wako wanaotuuliza kama pikipiki ndefu yaweza kufupishwa. Yaweza, kwa kadiri. Pete za springi za nyuma, zikiwa zimekazwa kwa ajili ya mizigo, zilegezwe mpaka zimfae mwenye kuendesha. Kazi hiyo ni ya dakika chache na spana moja, na ni ajabu jinsi inavyosahauliwa. Sponji ya kiti yaweza kukatwa, na fundi mwenye akili atapunguza pembeni kwa mbele zaidi ya kupunguza juu, maana mapaja yakikaribiana miguu yarefuka. Zaidi ya hapo tuwe na hadhari. Mtu akishusha nyuma peke yake, usukani hulegea. Akishusha mbele peke yake, pikipiki huwa na wasiwasi katika kona. Zishushwe zote kwa kadiri moja. Na stendi ya pembeni nayo ikatwe, la sivyo pikipiki itasimama wima mno na kuanguka kwa upepo wa matatu inayopita. Hayo yote yafanywe na fundi wa ofisi kwa fedha ya ofisi. Tumesikia mwanachama aliyelipa kutoka mfukoni mwake kukata kiti, kisha akaulizwa kwa nini ameharibu mali ya mwajiri.

Tufike kwenye sheria, maana wengi hawajui kwamba sheria iko upande wetu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, katika kifungu cha 76, yamtaka mwajiri achukue hatua ili mahali pa kazi, vyombo na kazi zenyewe vilinganishwe na mfanyi kazi na uwezo wake. Someni tena maneno hayo, myaone yanavyokwenda: chombo ndicho kinacholetwa kwa mtu. Sheria hiyo hiyo yasema mahali penye wafanyi kazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama na afya, na ndani yake wamo wajumbe wa wafanyi kazi. Tena yasema mtu akiona hatari kubwa iliyo karibu ampashe habari msimamizi wake, na asilazimishwe kurudi penye hatari hiyo kabla haijaondolewa. Pashaneni habari kwa maandishi, mkaweka nakala. Neno la mdomo husahauliwa siku ile ile goti linapovimba.

Na juu ya kukatwa mshahara, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kama mfanyi kazi alikosa kwa makusudi. Mguu kutofika chini si makusudi. Kwa neno hili moja chama kinadai fedha ya dada yetu irudishwe, na barua ile iondolewe katika faili lake.

Twasikia pia sauti nyingine, nayo haitoki kwa waajiri peke yao, bali hata kwa wenzetu fulani: kwamba asiyeweza pikipiki iliyopo aachie kazi anayeweza. Neno hili twalikataa kabisa. Kwanza, kazi ya mwanachama yule ni kuangalia watoto na dawa zao, nayo aijua kuliko wengi wenye miguu mirefu. Pili, leo wataondolewa wafupi. Kesho itanunuliwa pikipiki nzito zaidi, wataondolewa wenye umri. Na kesho kutwa wenye mgongo. Kama ofisi yaogopa kuweka vipuri vya aina mbili, twawajibu kwamba ofisi hizo hizo zina magari ya aina nne na mafundi hawajalia.

Madai yetu basi ni haya. Kabla ya zabuni kutiwa sahihi, pikipiki moja ya kila aina iletwe kituoni, wakae juu yake watakaoiendesha, na maneno yao yaandikwe. Kila zabuni iwe na aina ya pili yenye kiti kifupi. Na mwenye kupewa pikipiki apewe pia siku za kujifunza akiwa na mzigo, kwa maana hakuna mtu anayeajiriwa kuzunguka na keria tupu.

Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, na orodha za vyombo hutengenezwa miezi mingi kabla. Kwa hiyo kila mwanachama anayeendesha pikipiki ya kazi ampe mjumbe wa tawi lake karatasi yenye mambo manne: kituo chake, aina ya pikipiki, uzito wa mzigo anaobeba kwa kawaida, na urefu wa mguu wake kwa ndani kwa sentimita. Jina si lazima. Wajumbe wazilete karatasi ofisini mwisho wa mwezi pamoja na michango, na wasiokuwa na futi ya kupimia waazime kwa fundi cherehani.